Shati Lilitokea, Uso Ukakataa

Tulipomaliza matanga ya Mama Mdogo ilibidi chumba chake kisafishwe, na kama kawaida wanaume wote wakakumbuka kwamba wana shughuli mjini. Tukabaki mimi na mjukuu wangu Neema, yeye na ndoo yake, mimi na kiti changu. Chini ya kitanda, nyuma ya debe la maharage, Neema akavuta kitu kilichofungwa kwenye kipande cha blanketi la jeshi. Akakifungua, akauliza, "Bibi, na hiki kitupwe?" Ilikuwa kamera ya kukunja, ngozi yake imechunika, mlango wa nyuma umeng'oka bawaba. Wee! Niliinuka kwenye kile kiti kwa kasi ambayo magoti yangu bado yananidai. Nilimwambia kama ana hamu ya kutupa, atupe kitanda. Mlango ule niliung'oa mimi mwenyewe, kwa vidole hivi, gizani, mwaka niliokaa kwa Mama Mdogo na mumewe, Baba Mdogo Zakaria, hapa Njombe, siku zile Mwingereza angali anatutawala na Makambako hawajaota hata ndoto ya reli.

Mambo ya ukoo wangu sitayasimulia, wenye haja nayo wako makaburini wanayajua. Inatosha kusema nilikuwa msichana aliyemaliza shule ya misheni, mwenye kichwa kigumu, ambaye kila aliyekuja kumposa alirudi kwao akiwa na mashaka. Baba Mdogo alikuwa mdogo wake baba yangu. Alikwenda vita vya Hitler kule Bama na bunduki, akarudi na ufundi wa kupiga picha aliofundishwa na sajini mmoja mzungu. Alihitaji mtu wa kumsaidia, na nyumbani walihitaji nipungue kelele. Basi nikapandishwa lori na kikapu cha viazi, nikaambiwa nikawe mtu wa maana.

Alikuwa na sehemu mbili za kazi. Moja ilikuwa Makambako, kibanda cha mbao pale njia zinapoachana, moja ya Iringa, moja ya Mbeya, na moja inayopanda kwetu Njombe na kuendelea Songea. Watu walipigwa picha pale kwa sababu pale ndipo walipoagana. Malori yalisimama injini zipoe, na mtu anayekwenda mbali alitaka kuacha sura yake nyuma kabla hajaondoka nayo. Ukutani alitundika shuka lililochorwa maua na ngazi isiyokwenda popote, na vijana wote wa Uwanda wa Njombe waliokwenda migodini au kwenye mkonge walisimama mbele ya ngazi ile, mikono wameibana mapajani kama wanaokaguliwa. Sehemu ya pili ilikuwa Njombe, nyuma ya nyumba, chumba cha giza kilichopakana ukuta kwa ukuta na jiko la Mama Mdogo. Dirisha limezibwa kwa mbao na blanketi. Mezani mabeseni meupe ya bati, na kando yake taa ya mafuta iliyovishwa kioo chekundu. Kulinuka siki na moshi wa kuni za miwati. Mbao za ukuta zilikuwa na mianya tuliyoiziba kwa matambara, mwanga haukupita lakini maneno yalipita yote. Nusu ya ninayoyajua kuhusu dunia nimeyasikia nimesimama gizani, mikono imo ndani ya dawa, Mama Mdogo na mashoga zake wakimenya viazi upande wa pili.

Gizani saa haisomeki, kwa hiyo Baba Mdogo alipima muda kwa nyimbo za kanisani. Filamu ilihitaji wimbo mmoja mzima, beti zote, kwa mwendo wa mazishi. Karatasi ilihitaji kiitikio tu. Ulikuwa utaratibu mzuri, ila ulikuwa na ila yake, maana siku Baba Mdogo alipoamka na furaha aliimba mbio na picha zote zikatoka hafifu. Nilimwambia hivyo wiki ya kwanza. Akasema kuanzia siku hiyo niimbe mimi, kwa sababu sauti yangu haina furaha wala huzuni, ina ubishi mtupu.

Alinifundisha alivyofundishwa. Filamu imepakwa chumvi ya fedha, fedha hii hii ya pete na bangili. Mwanga ukiigusa, unaangusha mbegu za fedha, ndogo mno, hakuna jicho la kuziona. Filamu iliyopigwa na isiyopigwa ukiziweka pamoja ni sawasawa. Dawa ndiyo inayozijua. Dawa ikikuta mbegu, inaikuza mpaka inakuwa punje nyeusi, na punje nyingi zikikaa pamoja ndizo nywele, nyusi, kola ya shati. Mimi nilishangaa ile "nyeusi". "Baba Mdogo, fedha si inang'aa?" Akasema ikiwa kubwa inang'aa. Ikiwa ndogo ina mambo yake. Kisha akaongeza neno ambalo wakati ule nililipita kama jiwe la njiani, kwamba mbegu ikiwa ndogo kupita kiasi dawa haiioni, inairuka, na hapo panabaki patupu.

Mama Yoeli alianza kuja mvua za masika zilipokuwa bado zinanyesha. Alitoka Kifanya kwa miguu, siku za soko, akiwa amejifunika blanketi na kubeba mfuko wa maharage ambao nadhani hakuwa anauza. Alisimama mlangoni. "Kamwene." Tukaitikia, "Kamwene, mama." Akakaa kwenye benchi, akanyoosha miguu yenye matope, akasema, "Nimekuja kumchukua Yoeli." Hakusema picha ya Yoeli. Yoeli alikuwa mwanawe wa pekee. Miaka michache nyuma aliondoka na lori la migodi ya Kusini, na huko jiwe lilimwangukia, wakamzika huko huko. Mtu mmoja wa Kifanya aliyekuwa naye shimoni alirudi, akamletea maneno yake: mama asihuzunike, nimeacha sura yangu kwa mpiga picha wa Makambako, akaichukue. Basi akaja kuichukua. Baba Mdogo alikohoa, akaangalia viatu vyake, akasema, "Mama, bado haijawa tayari." Mama Yoeli akasema haya, akanywa chai, akaondoka. Siku ya soko iliyofuata akaja tena, na jibu likawa lile lile.

Ukweli niliusikia kupitia ukutani, jioni moja ya ugali na majani ya maboga. Mama Mdogo alisema, "Zakaria, yule mama utamdanganya mpaka lini?" Kijiko kikagonga sufuria. Kisha Baba Mdogo akasema kwamba Yoeli alikuwa mtu wa mwisho kwenye ile kamera ya kukunja. Alimpiga, na alipotaka kuzungusha filamu ufunguo ukakwama, mlango nao ukakwama. Lori likapiga honi, kijana akarukia nyuma, basi. Kamera aliifunga kwenye blanketi aipeleke kwa fundi Iringa, akapata kamera nyingine, ile akaiacha sandukuni. "Filamu ya miaka yote hiyo imeshakufa," akasema. "Bama tulizitupa za miezi. Sasa nikiifungua ikatoka tupu, nitamwambia nini? Kila siku ya soko anakuja anajua mwanawe yumo humu ndani. Nikifungua, nimemzika mara ya pili. Bora nibaki mwongo." Mimi nilisimama gizani na beseni mkononi, na nitasema kama nilivyohisi: nilimkasirikia na nilimpenda kwa pumzi moja. Na palepale nikajisemea kwamba Yoeli atatoka sandukuni mwaka huo huo, Baba Mdogo apende asipende.

Nikaanza kumsumbua siku iliyofuata. Nilimwambia Bama ni joto, na joto linaharibu kila kitu, lakini hapa Njombe viazi tunavifukia shimoni vinakaa. Kwa nini mbegu za fedha zisikae? Akasema viazi ni viazi. Nikasema nipe nijaribu. Akasema, "Orida, nikikupa na ukaharibu, yule mama utamtazama na macho gani?" Nikasema na haya haya ninayokutazama nayo. Mama Mdogo akacheka hadi akashika ukuta. Lakini kamera hakunipa, na kwa kweli wakati ule nisingestahili, kwa sababu nilikuwa bado sijaona makaa yanaweza kufanya nini.

Mwezi wa saba Njombe si mahali pa mzaha. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na ukitoa mkono nje ya blanketi unajuta. Dawa ikipoa hivyo inalala, inakataa kufanya kazi. Ndipo Baba Mdogo akaleta filamu ya kipaimara, watoto wote wa usharika wamejipanga na nguo nyeupe, wazazi wametoka mpaka vijiji vya mbali. Akaingiza jiko la mkaa chumbani ili dawa ipate joto. Nikamuuliza kuhusu mwanga. Akasema, "Taa yetu ni ya rangi gani?" Nyekundu, nikasema. "Na makaa?" Mekundu. "Sasa kuna ugomvi gani?" Jamani, hata mimi niliona amesema kweli! Tukaota moto huku tunaimba, tukafurahia joto. Kumbe taa nyekundu inavumiliwa na karatasi, haivumiliwi na filamu zile mpya, na makaa yana wekundu wake na mwanga mwingine ndani yake. Filamu ilitoka kijivu kuanzia mwanzo hadi mwisho, watoto wa watu wakawa kama wamepigwa picha ndani ya maziwa. Mzee wa kanisa aliinua karatasi moja, akaigeuza juu chini, akauliza, "Bwana Zakaria, mwanangu ni yupi hapa, au nichague yeyote?" Baba Mdogo alikaa siku nyingi bila kuimba. Mama Yoeli alipokuja wiki ile, Baba Mdogo hakutoka hata kumsalimu, akaniacha mimi niseme uongo. Nikakataa. Nilimwambia mama yule kila kitu: kamera iliyokwama, filamu isiyofunguliwa, hofu ya Baba Mdogo. Nilidhani atalia au atatukana. Akasema, "Kwa hiyo yumo." Nikasema labda yumo. Akasema, "Mwanangu, mimi nilimbeba miezi yote ile bila kumwona. Nilijua yumo. Fungueni."

Baada ya neno hilo Baba Mdogo hakuwa na pa kukimbilia. Akaitoa kamera, akaniwekea mapajani, akasema mikono yake imeshaharibu vya kutosha mwaka huo. Mimi nikajifunga kibwebwe. Nilijizoeza kwanza na filamu iliyokufa, macho nimefunga kwa kanga, nimekaa jikoni mchana kweupe, nikiifungua na kuifunga, kuivuta na kuipitisha, huku Mama Mdogo akinirushia maganda ya viazi na kuuliza kama bwana harusi ameshafika. Kisha nikaingia chumbani, nikazima hata taa nyekundu, nikajaribu kuufungua mlango wa kamera. Haukufunguka. Nikauvuta, bawaba ikalia, ukang'oka wote. Vidole vilitoka damu lakini filamu ilikuwa salama. Nikafanya jambo ambalo bado najisifia: sikuitia yote kwenye dawa. Nilijua Yoeli yuko mwisho, na kabla yake wapo wengine waliopigwa siku ile ile. Nikapapasa, nikaikata mbali na mwisho wake, sehemu ya Yoeli nikaifunga gizani ndani ya kopo, sehemu ya wale wengine nikaitia kwenye dawa. Nikaimba wimbo wangu mmoja, beti zote, kwa ubishi.

Nilipoitoa nje kwenye mwanga nilikaa chini. Palikuwa na wanaume watatu. Wa kwanza shati, wa pili shati na kofia ya kizungu, wa tatu shati na shuka begani. Nyuso hazikuwepo. Kola ilikuwepo, vifungo vilikuwepo, na juu ya kola palikuwa patupu kabisa, pamesafika kama sahani. Mama Mdogo alijifunika mdomo. Baba Mdogo akasema taratibu, "Nilikuambia." Lakini mimi niliitazama ile filamu mpaka macho yakaniuma, na badala ya kukata tamaa nikaona hasira, na ndani ya hasira nikaona jambo. Shati ni jeupe. Shati limerudisha mwanga mwingi kwenye kamera, limeangusha mbegu kubwa. Uso wa mtu wetu unarudisha mwanga kidogo, mbegu zake ni ndogo, na kwa miaka ile sandukuni zimesinyaa zaidi. Dawa yangu ya baridi ilipita, ikaziona zile kubwa, ikaziruka ndogo. "Baba Mdogo," nikasema, "nyuso zimo. Hii dawa ndiyo haikuziona." Akanitazama kama anayetaka kubishana, halafu akaishika ile filamu tena, akaiinua kwenye dirisha, akakaa nayo.

Majuzi, siku ile ya kusafisha chumba, nilimweleza Neema haya nikidhani nampa hadithi. Neema anasoma chuo kikuu Dar es Salaam, na anachosoma, nilidhani ni madawa, kumbe ni vipande vidogo vya metali, vidogo kiasi kwamba unavihesabu kwa atomi. Aliweka ndoo chini. "Bibi, unajua ulichokuwa unashika?" Akaniambia ile mbegu ni atomi chache za fedha zilizoshikana. Zikiwa mbili au tatu dawa haizitambui, ni kama hazipo. Zikiwa kama nne hivi, dawa inaanza kazi. Kitu ni kile kile, fedha ni ile ile, imeongezeka chembe moja tu na tabia imebadilika yote. Akaniambia dhahabu ikiwa ndogo kabisa inakuwa nyekundu, nikamwambia asinitanie mimi nimefiwa. Akanionyesha kwenye simu yake picha za fedha iliyokuzwa: ile nyeusi imejisokota nyuzi nyuzi kama sufu ya kondoo, na ile ndogo imebaki viduara kama mtama, na hiyo rangi yake ni ya njano au ya udongo. "Ukubwa na umbo, Bibi, ndivyo vinavyoamua rangi," akasema. Nikamwambia rangi hiyo naifahamu, na nilifahamiana nayo kabla mama yake hajazaliwa. Lakini ile habari ya atomi tatu na nne ilinikaa moyoni. Nyuso za wale wanaume watatu ziliishia kwenye tatu, na hatukuwa na namna ya kuwarudishia hiyo moja.

Turudi chumbani. Nilihitaji dawa yenye joto, muda mrefu, na kitu cha kuzuia ule ukijivu wa uzee unaoifunika filamu nzima. Kwa hilo la mwisho Baba Mdogo alikuwa na chumvi moja kwenye chupa ndogo, bromidi, sajini alimwambia inazuia filamu ya zamani isigeuke kijivu. Tukatia. Joto ndilo lilikuwa tatizo, kwa sababu makaa nilikuwa nimeapa hayatavuka kizingiti kile tena. Dawa ikichemshwa inaharibika, ikiwekwa kwenye jua la mwezi wa nane Njombe inakucheka. Mama Yoeli alikuwa amekaa benchini anatusikiliza tukibishana. Akauliza, "Inatakiwa joto la namna gani?" Baba Mdogo akasema la wastani, si la kuunguza, kama maji ya kumwogesha mtoto. "Hilo tu?" Akaichukua chupa ya dawa, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka mgongoni, akaibeba kwa mbeleko kama mtoto mchanga, akajifunika blanketi juu yake. Akakaa karibu na moto wa Mama Mdogo tangu asubuhi mpaka jua lilipofika kichwani, akimenya viazi, akisogea taratibu ili isiteleze, na mara moja moja, nadhani bila kujua, alikuwa akiitikisa kidogo kwa kupigapiga nyuma kwa kiganja. Hakuna aliyecheka. Mama Mdogo ambaye hucheka hata misibani aliangalia viazi vyake.

Mchana akaingia nayo mlangoni, akaitoa, akatia kiwiko kwenye tone alilomimina, kama afanyavyo kila mwanamke kabla ya kumwogesha mtoto, akasema, "Sasa." Nilikuwa nimeweka beseni la dawa ndani ya beseni kubwa la maji ya uvuguvugu ili lisipoe. Nikamwomba akae nje ya mlango aimbe, kwa sababu mimi koo lilikuwa limekauka kwa woga. "Niimbe upi?" Wowote, mama, ila polepole, na ukiisha uanze tena mpaka niseme. Nikafunga. Nikazima taa. Nikaitoa filamu ya Yoeli koponi, nikaizamisha. Sauti yake ikaja kupitia mianya ya mbao, nzito, haina haraka. Aliimba kama mtu anayelima shamba kubwa. Wimbo ukaisha, akaanza tena. Baba Mdogo akanong'ona nje, "Inatosha, Orida, itaungua." Nilikuwa namwogesha yule kijana, nikimgeuza huku na huku kwa vidole, na nilimwambia kwa sauti, mimi ambaye sikuwahi kumwona, "Toka basi. Mama yako amekuja." Wimbo ukaisha, akauanza tena. Nilipohisi dawa imeanza kupoa ndipo nikaitoa, nikaitia kwenye ile dawa ya pili, inayoifanya filamu isidhurike tena na mwanga, nikangoja, nikafungua mlango.

Ilikuwa na kijivu, ndiyo. Lakini juu ya kola palikuwa na kitu. Hafifu, kama pumzi kwenye kioo, kinyume chake, penye weusi pana weupe. Baba Mdogo aliichukua, akaishika kwenye mwanga, akasema, "Ana masikio." Kisha akasema, "Ana masikio makubwa," na machozi yakamtoka yule askari wa Bama. Mama Yoeli akasema, "Babake alikuwa hivyo." Hakuiangalia. Alisema hatazami kivuli, atangoja mtu.

Filamu ilipokauka tukaibana na karatasi kwenye fremu, tukaipa mwanga mrefu kupita kawaida kwa sababu ya ule ukijivu. Dawa nyingine hatukuwa nayo, tukatumia ile ile iliyokuwa mgongoni, yenye bromidi, imeshachoka. Karatasi inavumilia taa nyekundu, kwa hiyo safari hii Mama Yoeli aliingia. Tukasimama watatu tumeinamia beseni. Mwanzo palikuwa patupu. Kisha kola. Nikasema moyoni, Mungu wangu, si tena. Kisha, polepole kuliko picha yoyote niliyowahi kutoa, nyusi, na pua, na mdomo wa kijana anayejizuia kucheka kwa sababu ameambiwa asimame vizuri mbele ya ngazi ya kitambaa. Mama Yoeli alinishika mkono uliokuwa na dawa, akaubana kwa nguvu mpaka mifupa ikaumana.

Tukaosha picha, tukatoka nayo nje, kwenye jua la Njombe lisilo na joto. Chini ya taa nyekundu rangi haionekani. Sasa niliiona. Picha haikuwa nyeusi. Ilikuwa ya udongo, hudhurungi kutoka kwenye nywele hadi kwenye shati. Mnapaswa kuelewa kwamba kwa Baba Mdogo picha nzuri ilikuwa picha nyeusi tititi, na wateja walioletewa za hudhurungi walizirudisha wakisema zimechacha. Nilijua kosa liko wapi: dawa iliyochoka, yenye bromidi, imezizuia punje zisikue. Zimebaki ndogo. Nilisimama na karatasi ikinidondokea maji miguuni, nikasema, "Mama, nisamehe. Rangi imeharibika. Nitatafuta dawa mpya, nitairudia, nitamtoa mweusi vizuri."

Mama Yoeli aliichukua. Akaiweka kwenye kiganja, akaisogeza karibu na mkono wake mwenyewe, pale ngozi inapoonekana chini ya blanketi, akaangalia mkono, akaangalia picha. Akaangalia tena. "Umwache," akasema. "Watu wote niliowaona kwenye picha zenu wametoka weusi kama masizi. Nilikuwa naogopa na wangu mtanitolea hivyo. Yoeli hakuwa mweusi. Yoeli alikuwa hivi." Akamgusa shavuni kwa ncha ya kidole, pale karatasi ilipokuwa bado mbichi, akaniambia, kama anayenitambulisha kwa mgeni, "Huyu ndiye yeye."

Akaondoka naye hajakauka, amemshika mbele kwa mikono miwili ili upepo umkaushe njiani. Tulimsikia mpaka kwenye kona ya barabara ya Kifanya akisalimiana na watu, kamwene, kamwene, na kila aliyemsalimu alisimamishwa na kuonyeshwa. Nikarudi chumbani kusafisha. Nilishika lile beseni la dawa iliyochoka, ya rangi ya chai, nikafungua mlango wa nyuma niimwage. Baba Mdogo alikuwa amekaa kizingitini, amejiinamia, anaitazama ngozi ya mkono wake mwenyewe.

"Orida," akasema bila kuinua kichwa, "hiyo usiimwage."

Sikuimwaga.